Msosi wa "Kishua" Uliotoka Shambani: Polenta ya Italia, Ugali wa Kifanya na Sahani Iliyokosa Rangi

Ingia mgahawa wa Kiitaliano pale Masaki, fungua menyu, utakuta kitu kinaitwa caprese. Ukiagiza, inakuja sahani yenye vipande vya nyanya mbivu, vipande vya jibini nyeupe laini, majani machache ya mrehani, mafuta ya zeituni na chumvi. Basi. Hakuna jiko lililowashwa wala kilichochemshwa. Watu wanapiga picha, wanapost, wanakula taratibu, halafu bili inakuja na inauma.

Sasa hamisha akili hadi Kifanya. Ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Njombe, kwenye barabara ya kwenda Songea. Huku watu wanalima mahindi, maharage na viazi mviringo. Parachichi zipo, ng'ombe wa maziwa wapo. Mji wa Makambako, ambako barabara ya Njombe inakutana na ile kuu ya Dar es Salaam na Zambia, unapitisha malori ya nyanya na vitunguu usiku na mchana. Yaani karibu kila kitu kilichomo kwenye ile sahani ya Masaki kinapatikana ndani ya safari ya siku moja.

Ila kijana wa Kifanya akifika Dar na kuulizwa kwao wanakula nini, anajibu kwa aibu kidogo: ugali, maharage, viazi. Eti ni ushamba.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Waitaliano nao walishapitia aibu hiyohiyo. Na kabla ya aibu kulikuwa na jambo zito zaidi. Kulikuwa na wakulima waliozalisha chakula kizuri, wakakiuza, wakabaki na ugali mtupu mezani, na ugali mtupu ukawaumiza.

Nyanya haikuwa ya Waitaliano

Tuanze na nyanya yenyewe, maana watu wanadhani iliota Italia tangu enzi za Warumi. Hapana. Nyanya ni mmea wa Amerika. Ilivuka bahari baada ya Wahispania kufika huko mwishoni mwa karne ya 15, na mwaka 1544 mtaalamu wa mimea wa Kiitaliano, Pietro Andrea Mattioli, akaitaja katika maandishi yake. Waitaliano wakaipa jina la pomodoro, yaani tofaa la dhahabu.

Jina zuri, lakini mezani haikupata nafasi haraka. Kwa miaka mingi watu waliitazama kwa mashaka, wengine wakaipanda kama ua la bustani. Mapishi ya mchuzi wa nyanya yalichapishwa Napoli kwenye miaka ya 1690, katika kitabu cha mpishi Antonio Latini, na hata hapo yeye aliuita mchuzi wa Kihispania. Nyanya na tambi zikaja kuwa mtu na mdogo wake baadaye sana, kuelekea karne ya 19.

Mahindi nayo yalitoka Amerika. Maharage haya tunayokula, viazi mviringo, pilipili na parachichi, vyote vilitoka Amerika. Kwa hiyo mkulima wa Kifanya na mkulima wa Italia walipewa mbegu zilezile na historia, kila mmoja kwa njia yake.

Kuna undugu mwingine upo kwenye majina. Biringanya na melanzana ya Kiitaliano ni maneno yaliyosafiri kutoka Uajemi kupitia Waarabu. Limau na limone, vilevile. Biringanya ilidharauliwa muda mrefu katika sehemu za Italia. Pellegrino Artusi, aliyechapisha kitabu maarufu cha mapishi mwaka 1891 huko Firenze, alieleza kwamba miaka 40 hivi kabla yake zao hilo lilikuwa adimu sokoni kwa sababu watu waliliona ni chakula cha Wayahudi. Leo ukitaja mapishi ya Sicily, biringanya ndiyo inatangulia.

Ugali wa Waitaliano ulioleta ugonjwa

Kaskazini mwa Italia, kwenye mabonde ya mto Po, mahindi yaliingia na kushika kasi. Yanazaa sana kuliko ngano, yanashibisha, na unga wake ukisongwa kwenye maji ya moto unapata polenta. Polenta ni ugali, wa njano. Hakuna namna ya kuzunguka.

Tatizo halikuwa polenta. Tatizo lilikuwa mpangilio wa maisha. Wakulima wengi hawakuwa na ardhi yao. Walilima ngano, mpunga na zabibu, wakafuga ng'ombe, lakini ngano ilikwenda kulipa kodi ya shamba, na vitu vizuri vilikwenda kwa mwenye ardhi na sokoni. Kilichobaki nyumbani ni mahindi. Asubuhi polenta, mchana polenta, jioni polenta. Nyama ilikuwa ya sikukuu.

Ndipo ugonjwa ukatokea. Ngozi iliyopigwa na jua ilibabuka na kuwa ngumu, tumbo likaharisha, mwisho akili zikavurugika, na wengi wakafa. Mwaka 1771 daktari wa Milano, Francesco Frapolli, aliuita pellagra, kutokana na maneno ya wakulima wenyewe yenye maana ya ngozi iliyokakamaa. Karne moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1880, serikali ya Italia ilihesabu wagonjwa zaidi ya 100,000. Hospitali za wagonjwa wa akili za kaskazini zilijaa wakulima.

Madaktari wakabishana. Wapo waliosema ni mahindi yaliyooza, wapo waliosema ni umaskini wenyewe. Ukweli ulikuja kujulikana karne ya 20. Marekani, daktari Joseph Goldberger alionyesha kuanzia mwaka 1914 kwamba pellagra haiambukizwi, inatokana na lishe. Mwaka 1937 ikafahamika kirutubisho kinachokosekana ni niasini. Mahindi wanayo, lakini imefungwa ndani, mwili hauipati kirahisi. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakichemsha mahindi na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hiyo ndiyo iliyoifungua. Wazungu walichukua mahindi, wakaacha maarifa.

Pellagra ilipungua Italia mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu sahani ilibadilika. Mishahara ilipanda kidogo, hela zikatumwa na ndugu waliokwenda ng'ambo, na maziwa, ngano, maharage na mboga vikarudi kwa yule aliyevizalisha. Ugali ulibaki, ila haukubaki peke yake.

Walichekwa, kisha wakaigwa

Ng'ambo nako kulikuwa na hadithi yake. Kati ya mwaka 1880 na 1915 Waitaliano takribani milioni 13 waliondoka nchini kwao, wengi kwenda Marekani, Argentina na Brazil. Walibeba chakula chao: tambi, vitunguu saumu, maharage, nyanya, mboga za majani.

Wenyeji wa Marekani hawakuwapokea kwa shangwe. Maofisa wa ustawi wa jamii walikuwa wakizunguka kwenye nyumba za wahamiaji na kuwaambia akina mama waache vitunguu saumu, wapunguze tambi na mboga, wale nyama na maziwa kama Wamarekani. Chakula cha Kiitaliano kilihesabika ni cha watu wachafu na maskini. Watoto shuleni walificha mikate iliyofungwa na mama zao, waone aibu mbele ya wenzao. Kibongobongo ungesema walionekana washamba.

Halafu meza ikapinduka. Miaka ya 1950 mwanasayansi wa Kimarekani, Ancel Keys, alikwenda Napoli na kushangaa kwamba wafanyakazi wa kawaida hawakuwa na magonjwa ya moyo kwa wingi kama matajiri wa kwao Marekani. Mwaka 1958 ulianza utafiti mkubwa wa nchi saba kuhusu chakula na moyo. Utafiti huo umekosolewa na wataalamu wengine kwa namna ulivyochagua nchi, lakini wazo lake kuu limesimama: mboga, maharage, matunda, nafaka, mafuta ya zeituni na samaki, nyama kidogo. Mwaka 2010 UNESCO ikauweka ulaji wa Mediterania kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 ikafuata sanaa ya wapika piza wa Napoli.

Kwa hiyo ile caprese inayouma kwenye bili ni mtoto wa jamii ileile iliyochekwa. Waitaliano wenyewe wanayo jina la kundi hili la mapishi, cucina povera, jiko la maskini. Chukua panzanella ya Toscana: mkate mkavu wa juzi unaloweshwa maji, unakamuliwa, unachanganywa na vitunguu, siki na mafuta. Zamani haikuwa hata na nyanya, nyanya zilikuja kujiunga baadaye. Ni mbinu ya kutotupa mkate. Na watu wa Toscana walitaniwa na majirani zao kwamba ni "wala maharage". Leo utani huo wanaubeba kwa fahari.

Waitaliano wanapanda Nyanda za Juu

Italia na Nyanda za Juu Kusini hazikukutana Instagram. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza na Wajerumani kuondoka, wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika Iringa na kuchukua misheni ya Tosamaganga. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1901 na padri Giuseppe Allamano, na tayari walikuwa Kenya tangu 1902. Torino ipo Piemonte, kaskazini, nchi ya polenta. Wamisionari wa namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa ugali ni nini.

Mkoa wa Iringa wa wakati huo ulikuwa mpana. Njombe ilikuwa sehemu yake mpaka ilipopata kuwa mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Kazi ya Consolata ilisambaa, na hospitali yao ya Ikonda, Makete, hadi leo inapokea wagonjwa wanaosafiri kutoka mbali.

Baadaye ikaja awamu nyingine, hii ya maziwa. CEFA, shirika la Kiitaliano kutoka Bologna lililoanzishwa mwaka 1972, liliweka nguvu zake Matembwe na maeneo mengine ya Njombe, kwenye umeme wa maji, kilimo na ufugaji. Kutokana na kazi hiyo pamoja na wafugaji wadogo, kikasimama kiwanda cha maziwa Njombe, huku kampuni ya maziwa ya Granarolo ya hukohuko Bologna ikishiriki. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili alileta maziwa asubuhi, yakapimwa, yakakusanywa. Yalitoka maziwa ya pakiti, mtindi na jibini za Kiitaliano kama mozzarella, caciotta na provolone. Mradi huo pia ulipeleka maziwa kwa wanafunzi wa shule za msingi.

Tulia hapo kwanza. Mozzarella imetengenezwa Njombe, kwa maziwa ya ng'ombe waliokula majani ya Njombe. Lakini wanunuzi wa jibini za aina hiyo wengi wapo kwenye migahawa na maduka ya mijini. Ni kawaida mfugaji kuuza maziwa yanayokwenda kuwa jibini, na yeye mwenyewe asiwe ameionja kamwe.

Pembeni ya Njombe, Afrika Mashariki ina nyayo nyingine za Kiitaliano. Wasomali wanaita tambi baasto, kutokana na pasta, kumbukumbu ya ukoloni. Malindi imejaa Waitaliano, historia iliyoanza kupata nguvu kwenye miaka ya 1960 pale kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco kilipojengwa baharini karibu na Ngomeni. Dodoma, mizabibu ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki kabla ya uhuru. Ila piza ya Forodhani, Zanzibar, usiihesabu humo. Ile ni chapati ya mayai na nyama iliyokunjwa, imechukua jina tu.

Kapu la chakula, sahani tupu

Sasa tufike kwenye uchungu wenyewe. Njombe ni kati ya mikoa inayolisha nchi. Mahindi yanatoka, viazi vinatoka kwa lumbesa, mbao, chai na parachichi vinatoka. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Iringa ilikuwa juu zaidi, karibu asilimia 57. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Mikoa mikavu inayoombewa mvua kila mwaka ilikuwa na hali nzuri kuliko hii ya kijani.

Udumavu si pellagra, tusichanganye. Na sababu zake si chakula peke yake. Kuna mama anayeondoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni, mtoto amebaki na bibi au dada mdogo na uji mwepesi wa mahindi. Kuna maji machafu na kuhara. Kuna pombe inayokula hela ya nyumbani. Kuna mimba za umri mdogo. Lakini ukikaa ukatazama mpangilio wake, unafanana na ule wa bonde la Po. Vitu vizuri vinapanda fuso, nyumbani kinabaki kilichozoeleka. Yai linauzwa, maziwa yanauzwa, maharage yanauzwa, parachichi nzuri inakwenda kwa mnunuzi. Mtoto anashiba, ila hakui.

Na aibu nayo ina mchango wake. Mnavu, figiri na majani ya maboga vimepewa jina la chakula cha shida. Hela ikipatikana, inanunua soda, biskuti na tambi za pakiti, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana ni maendeleo. Wahamiaji wa Kiitaliano walisukumwa upande huohuo. Tofauti ni kwamba wao waliendelea kupika vya kwao.

Somo la jiko la majira ya joto

Watu wakisikia "mapishi ya Kiitaliano ya majira ya joto" wanafikiria viungo vya supamaketi. Kanuni yenyewe ni fupi: kula kilichoiva wiki hii, kiwe freshi, kiguse kidogo tu, usikifunike kwa vikorokoro. Waitaliano hula nyanya mbichi Julai kwa sababu Julai kwao ni jua kali. Julai ya Njombe ni makoti mawili, na barafu ya asubuhi inaunguza majani ya viazi. Kuiga tarehe zao ni kujichosha. Cha kuiga ni kufuata msimu wa hapa.

Mvua zinapoanza kuna uyoga wa porini, wale wanaoujua wakiuchuma kwa makini. Masika kuna majani ya maboga, maharage mabichi ya kubangua na mahindi mabichi. Nyanya zinapokuwa chache Kifanya, zipo Makambako, nyingi zikitoka upande wa Iringa, Ilula ikiwa kinara.

Maharage mabichi ya kubangua, kwa mfano, wala maharage wa Toscana wangeyafurahia sana. Yanachemshwa taratibu na kitunguu saumu kizima, yanachujwa, yanamwagiwa mafuta yakiwa ya moto. Zeituni hakuna? Alizeti iliyokamuliwa jirani inatosha.

Mchuzi wa nyanya wa Kiitaliano nao hauna siri. Kitunguu saumu kinapita kwenye mafuta kwa moto mdogo bila kuungua, nyanya mbivu zilizokatwa zinafuata, chumvi, dakika 15 hivi, imetoka. Hakuna kiungo cha pakiti. Unakwenda kwenye tambi, na ugali pia unaukubali.

Biringanya inakatwa vipande vinene, inapakwa mafuta, inachomwa juu ya mkaa kama mahindi, kisha inanyunyiziwa limau. Kachumbari ya kila siku ikiwekewa vipande vya jibini au kuliwa na mtindi pembeni imeshakuwa ndugu wa caprese, na ina kitu cha kujenga mwili wa mtoto.

Na kiporo cha ugali? Kaskazini mwa Italia polenta iliyolala hukatwa vipande na kuchomwa hadi ipate ganda. Migahawa inaiuza kama kitafunio. Njombe kiporo kinachomwa jikoni asubuhi, na watu wanakila kimyakimya wasionekane.

Hakuna kati ya hivi kinachohitaji hela ya Masaki. Kinahitaji uamuzi mmoja ambao mkulima wa bonde la Po wa mwaka 1880 hakuwa na uhuru wa kuufanya, kwa sababu shamba halikuwa lake na mwenye ardhi alimpigia hesabu kila punje. Wakulima wengi wa Kifanya wanalima mashamba ya familia zao. Dalali akija na magunia yake, wanaweza kutenga kwanza la nyumbani: debe la maharage, maziwa ya mtoto, mayai ya wiki, parachichi zilizokataliwa kwa ukubwa lakini ndani ni siagi tupu. Kinachobaki ndicho kipande fuso.